Huduma ya haja kwa mgonjwa wodini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa uuguzi wa Mombasa

Majibu haya yameandikiwa mwanafunzi anayeingia wodini kwa mara ya kwanza, awe amepangiwa Hospitali Kuu ya Pwani, Port Reitz, Tudor au Likoni. Hayachukui nafasi ya mwongozo wa chuo wala ya agizo la sista msimamizi wa zamu. Utaona jambo moja linajirudia: kuanguka, kidonda cha mgongo, maambukizi ya mkojo, mengi ya haya huanza na muuguzi aliyechelewa kufika kitandani kwa mgonjwa, au aliyefika kwa pupa.

Mgonjwa ameniita, "Sista, nimebanwa." Nianzie wapi?

Mjibu kwanza, asikie kwamba amesikika. Kisha jiulize matatu: anaweza kuketi? Anaweza kusimama? Ameruhusiwa? Hilo la tatu limo kwenye faili, wala halionekani kwa macho. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana anaweza kuwa na nguvu za kusimama lakini shinikizo lake la damu likashuka akiwa njiani. Aliyevunjika nyonga hatasimama. Aliyeumia uti wa mgongo hageuzwi na mtu mmoja kamwe: hugeuzwa mwili mzima kwa pamoja kama gogo, na watu wasiopungua watatu, na akiwa ameumia shingo anaongezwa mmoja wa kushika kichwa tu.

Anayeweza kutembea mpeleke msalani. Asiyeweza kutembea lakini anaketi, mletee kiti cha choo kando ya kitanda. Bedipani, yaani chombo cha kujisaidia mtu akiwa kitandani, ni ya asiyeweza yote mawili. Wanafunzi wengi hukimbilia bedipani kwa sababu iko karibu, lakini kwa mgonjwa ndiyo ngumu kuliko zote: kujikamua ukiwa umelala nusu ni kazi, na kwa mgonjwa wa moyo kujikamua huko ni hatari. Mgonjwa wa moyo aliyeruhusiwa kuketi hupata nafuu zaidi kwenye kiti cha choo.

Niandae vifaa gani kabla sijafungua pazia?

Vyote. Ukishamvua mgonjwa hutakiwi kumwacha ukafuate tishu. Beba bedipani safi na kavu pamoja na kitambaa cha kuifunikia, glavu jozi mbili, aproni ya plastiki, makintoshi (shuka isiyopitisha maji) na shuka ya kati ya kuifunika, tishu, jagi la maji ya uvuguvugu (lita 1 hadi 2 zinatosha), sabuni isiyo kali, beseni, vitambaa laini viwili au vitatu, taulo, na mfuko wa taka. Kama mkojo wake unapimwa, ongeza jagi lenye alama za mililita. Leso ya mgonjwa mwenyewe ni kifuniko kizuri kuliko shuka ya hospitali: ni nyepesi, haishiki joto, na mama akijifunika leso yake hajioni uchi. Ila leso hiyo isitumike kupangusia.

Hatua za kumwekea bedipani ni zipi?

1. Nawa mikono, vaa aproni na glavu. Funga breki za magurudumu ya kitanda. Vuta pazia lote, hata ule upenyo wa miguuni ambao kila mtu husahau.
2. Mwambie unachotaka kufanya, kwa sauti ya chini. "Mama, nakuwekea chombo, nitakusaidia kujiinua." Jirani wa kitanda cha pili hahitaji kusikia.
3. Inua kitanda hadi usawa wa kiuno chako, ushushe kichwa cha kitanda kiwe bapa. Tandika makintoshi na shuka ya kati chini ya makalio.
4. Tia maji kidogo ndani ya bedipani, au tandika tishu chini, choo kisigande. Kama sampuli inatakiwa au mkojo unapimwa, usitie chochote.
5. Anayeweza kujiinua akunje magoti, akanyage godoro, ajisukume juu kwa miguu huku mkono wako mmoja ukimshika kiunoni. Asiyeweza, mgeuze ubavu, shikiza bedipani kwenye makalio ukiikandamiza kidogo kwenye godoro, kisha mrudishe chali pamoja nayo.
6. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 45 hadi 60, kama hakuna katazo. Mkao wa kuketi ndio unaofungua njia.
7. Shusha kitanda, pandisha kingo za pembeni, weka tishu na kengele mkononi mwake. Wodi isiyo na kengele, kaa nyuma ya pazia pale unapoweza kumsikia.
8. Rudi haraka. Dakika 10 zinatosha, 15 ndio mwisho.
9. Kuitoa, shusha kichwa cha kitanda kwanza, ishike bedipani isimwagike, kisha mgonjwa ajiinue au umgeuze. Usiivute ikiwa bado amekalia.
10. Ifunike papo hapo. Msafishe, mkaushe, badilisha glavu, kisha mpe naye maji na sabuni anawe mikono.

Hatua ya 9 ndiyo inayochuna ngozi. Ngozi yenye jasho hushika plastiki, nasi huku pwani jasho halikosekani. Ukivuta, ngozi ya juu inabaki na chombo na ya chini inabaki na mgonjwa, na kesho yake utaona mchubuko juu ya mfupa wa mkia usijue ulitoka wapi.

Upande upi wa bedipani unaelekea wapi?

Bedipani ya kawaida: ukingo mpana na laini unakaa chini ya makalio, upande mwembamba ulio wazi unaelekea miguuni. Bedipani ya waliovunjika, ile bapa kama kandambili: upande mwembamba bapa ndio unaoingia chini ya makalio, na upande wenye kina na mkono unaelekea miguuni. Ukigeuza, mkojo hurudi mgongoni na shuka nzima huloa. Tumia hiyo bapa kwa mwenye nyonga au fupanyonga lililovunjika, kwa mgonjwa mwembamba sana, na kwa yeyote asiyeweza kujiinua. Kwa aliyevunjika nyonga, uliza kabla ya kumgeuza ni ubavu upi umeruhusiwa.

Amekaa juu ya chombo lakini hakuna kitu kinachotoka. Nifanye nini?

Kwanza ondoka machoni pake. Watu wengi hawawezi kujisaidia wakitazamwa, na haya ya mtu mzima haishughulikiwi kwa kumwambia "usijali". Fungua bomba lisikike, au mmiminie maji ya uvuguvugu sehemu za siri ikiwa mkojo haupimwi. Mwanamume aliyeruhusiwa kusimama, msaidie asimame kando ya kitanda. Wengi hushindwa kukojoa wakiwa wamelala. Zikipita dakika 15 mtoe, ujaribu tena baadaye.

Aliyetolewa mpira wa mkojo (katheta, mrija unaoingizwa kibofuni), au aliyefanyiwa upasuaji, akimaliza saa 6 hadi 8 bila kukojoa ni lazima umwambie sista. Usingoje zamu nyingine. Kandamiza kidogo juu ya kinena: ukigusa uvimbe mgumu wa mviringo, na mgonjwa akakunja uso, kibofu kimejaa.

Wagonjwa wengi hapa wanataka maji, si tishu. Inaruhusiwa kitandani?

Inaruhusiwa, na kwa ngozi ni bora kuliko tishu kavu. Kwa Mwislamu kuchamba kwa maji ni sehemu ya twahara, na mgonjwa aliyepanguswa kwa karatasi tu anaweza kushinda siku nzima akijiona ana najisi na asiswali, bila kukuambia neno. Kwa hiyo usingoje aombe. Muulize, "Mzee, nikuletee maji?"

Bedipani ikiwa bado chini yake, mwenye mkono mzima mpe kopo au birika dogo ajimiminie kwa mkono wa kulia na kujisafisha kwa wa kushoto. Kuna jambo husahaulika kwa mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande wa kushoto: mkono wa kuchambia ndio uliolala. Atakubali umtawaze wewe, ama ataomba ndugu wa jinsia yake. Tanguliza tishu kuondoa uchafu mzito, kisha maji, kisha kausha kwa kugusagusa. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma, mara moja kwa kila upande wa kitambaa. Njia ya mkojo yake ni fupi, kama sentimita 4, na vijidudu vya choo havihitaji safari ndefu. Mwanamume ambaye hajatahiriwa, rudisha govi nyuma, safisha, kausha, kisha ulirejeshe mahali pake. Lisiporejeshwa hubana na kuvimba, na hiyo ni dharura.

Wapo pia wasiopenda kuelekea kibla wakijisaidia. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini karibu moja kwa moja. Kitanda huwezi kukigeuza kila mara, lakini kiti cha choo unaweza. Swali la kuswali na mpira wa mkojo au nepi mwachie mgonjwa na imamu wake. Kazi yako ni kumpatia maji na nguo safi kabla ya wakati wa sala.

Mgonjwa amekataa kuhudumiwa nami kwa sababu mimi ni mwanamume (au mwanamke).

Ana haki hiyo. Sema "sawa mama" bila kununa, umwite mwenzako. Zamu ikiwa na muuguzi mmoja tu, mpe chaguo: jamaa wa jinsia yake amsafishe wewe ukielekeza kutoka nyuma ya pazia, au wewe umhudumie huku jamaa yake akiwapo. Andika kwenye faili anachopendelea, asilazimike kueleza upya kila zamu inapobadilika. Na usimfunue hata anayekukubali zaidi ya sehemu unayosafisha.

Kumpeleka msalani kuna ugumu gani?

Ugumu wa sakafu iliyoloa. Wagonjwa wengi wanaoanguka wodini huwa wanakwenda haja au wanarudi, na aghalabu ni usiku au alfajiri, wameona haya kumwamsha mtu. Aketi ukingoni mwa kitanda dakika 1 hadi 2 miguu ikining'inia, umuulize kama kichwa kinazunguka. Malapa yasiyoteleza mguuni, si soksi. Simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo. Mlango wa msala usifungwe kwa komeo.

Kiti cha choo kifungwe breki kabla hajaketi. Kwa aliyepooza upande mmoja, kiweke upande wake wenye nguvu. Dawa nzuri kuliko zote ya kuanguka ni kutowangoja waombe: zunguka uwaulize baada ya chai ya asubuhi, kabla ya saa ya wageni, kabla ya kulala, na kila baada ya saa 2 kwa mzee aliyechanganyikiwa au aliyepewa dawa ya kukojoza. Baada ya chakula utumbo huamka wenyewe, na robo saa baada ya kifungua kinywa ndiyo saa yenye matokeo.

Na chupa ya mkojo?

Fupi: iwe kavu nje, shingo yake isikandamize korodani, isiachwe kitandani saa nzima kati ya mapaja, na isiwekwe kamwe kwenye kabati la kando ya kitanda penye chakula. Kila mgonjwa na yake, yenye namba ya kitanda.

Mgonjwa ana mpira wa mkojo. Usafi wake ukoje?

Osha kila siku, na kila baada ya haja kubwa, kwa maji na sabuni tu. Dawa kali za kuua vijidudu huchoma ngozi na hazijathibitika kuzuia maambukizi zaidi ya sabuni. Shika mpira karibu na mwili usivutike, kisha pangusa kutoka mwilini kwenda nje kama sentimita 10. Ukipangusa kinyume, unausukuma uchafu ndani.

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, usiguse sakafu, na uning'inizwe kwenye fremu ya kitanda. Ukiuning'iniza kwenye kingo za pembeni, mtu atazipandisha na mkojo utarudi ulikotoka. Umwage ukifika theluthi mbili, au kila saa 8. Kila mgonjwa na chombo chake cha kumwagia: kutembea na jagi moja vitanda sita ni kugawa vijidudu kitanda hadi kitanda. Mdomo wa koki usiguse chombo, na uupanguse kwa spiriti kabla na baada.

Mpira usitenganishwe na mfuko kwa sababu yoyote ya urahisi, hata ya kumvalisha suruali. Mkojo ukiacha kutiririka, kabla ya kupiga kelele angalia kama mgonjwa ameulalia au umejikunja. Kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu (T6, yaani pingili ya sita ya kifuani, kwenda juu), mpira ulioziba ni hatari ya maisha: kichwa kinamgonga ghafla, jasho usoni, shinikizo la damu linapanda. Mketishe, fungua palipojikunja, ita msaada papo hapo.

Tena, uliza kila siku kama mpira bado unahitajika. Mpira wa kumrahisishia muuguzi kazi si sababu.

Mkojo hupimwaje sawasawa, na kiwango cha chini ni kipi?

Mimina kwenye jagi lenye alama, liweke juu ya meza bapa, inama macho yako yawe usawa wa mkojo. Kusoma ukiwa umelishika hewani kunaweza kukukosesha mililita 50. Mtu mzima atoe angalau mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa, yaani mwenye kilo 60 atoe mililita 30 kwa saa. Chini ya hapo kwa saa mbili mfululizo, toa taarifa.

Upande wa kinachoingia ndiko kunakopotea hesabu. Jamaa huja na madafu, uji, maji ya ukwaju, chai kwenye chupa, na hakuna anayeandika. Waombe wakuoneshe kabla ya kumpa, upime. Dafu lina potasiamu nyingi: kwa mgonjwa wa figo linaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na jamaa humletea yeye hasa wakiamini "linasafisha figo". Waeleze mapema, kwa adabu.

Niangalie nini kwenye choo na mkojo kabla ya kumwaga?

Hapa ndipo utakapomsaidia daktari kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi hugeuza uso. Choo huelezwa kwa kipimo cha Bristol chenye aina 7: ya 1 na 2 ni vipande vigumu vya kufunga choo, ya 3 na 4 ni ya kawaida, kuanzia ya 5 kinalegea hadi ya 7 ambayo ni maji matupu. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali kinaashiria damu iliyotoka juu, tumboni. Lakini vidonge vya kuongeza damu navyo hukitia weusi, kwa hiyo tazama dawa zake kabla ya kushtuka. Damu nyekundu huwa imetoka karibu na mlango wa haja kubwa. Choo cheupe kama chokaa, pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, nyongo imezibwa. Mkojo wa manjano iliyokoza mara nyingi ni upungufu wa maji tu, jambo lisilo la ajabu wodi ikiwa na nyuzi joto 32.

Sampuli ya choo isichanganyike na mkojo wala maji. Kijiko cha chai kimoja kinatosha, uchukue pale penye ute au damu. Choo cha majimaji kinachotafutwa amiba kifike maabara ndani ya nusu saa: amiba hai hutambuliwa kwa kutembea kwake, na ikipoa haitembei.

Hajapata choo siku tatu, lakini sasa anavuja choo cha maji. Ni kuhara?

Usiseme kuhara kabla hajapimwa. Mzee aliyelala muda mrefu, au anayetumia mofini (dawa kali ya maumivu inayofunga choo), anaweza kuwa na bonge gumu lililoziba njia, na maji ya juu yakapenya pembeni yake. Ukimpa dawa ya kuzuia kuhara, umemfungia mlango kabisa. Toa taarifa, daktari au sista ampime kwa kidole. Kutoa bonge kwa mkono si kazi ya mwanafunzi peke yake: mshipa wa fahamu unaosisimka huko unaweza kupunguza mapigo ya moyo.

Nepi ya mtu mzima inabadilishwa kila baada ya muda gani, na ngozi inalindwaje?

Itazame kila saa 2 hadi 3, ambayo pia ndiyo saa ya kumgeuza. Ikiwa na choo, ibadilishe papo hapo: choo pamoja na mkojo huunguza ngozi haraka kuliko mkojo peke yake. Safisha kwa maji na sabuni laini, gusagusa hadi ikauke hasa kwenye mikunjo ya mapaja, kisha paka utando mwembamba wa krimu ya zinki au mafuta ya mgando. Mwembamba, kwa sababu ukipaka kama siagi nepi inaziba na hainyonyi. Usitie poda: hugeuka uji kwenye jasho na kukwaruza. Usivalishe nepi mbili, wala usitandike makintoshi ikagusa ngozi. Mwenye nepi akiwa amelala mchana, ifungue umwekee pedi chini, ngozi ipate hewa.

Vitabu vinasema utaona "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi hutauona. Tafuta palipokoza weusi au zambarau, panapong'aa, pa moto au pagumu kuliko jirani yake. Pakiwa juu ya mfupa na pana mpaka, fikiria kidonda cha mgandamizo. Pakiwa pametapakaa kwenye mikunjo bila mpaka, huo ni muwasho wa unyevu. Matibabu ni tofauti, kwa hiyo andika mahali hasa.

Slusi (chumba cha kumwagia na kuoshea bedipani) inafanyaje kazi, hasa maji yakikatika?

Kumwaga, kusuuza, kusugua, kuua vijidudu, kusuuza tena, kukausha. Suuza kwanza kwa maji baridi. Maji moto yakitangulia yanapika uchafu na kuugandisha. Sugua kwa sabuni na brashi ya mpini, maana klorini haifanyi kazi juu ya kinyesi: uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwenye kijidudu. Ndipo uloweke dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5. Jiki yenye asilimia 3.5, changanya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, yaani kikombe cha mililita 250 kwa lita 1 na nusu. Soma kibandiko, si kila chupa ni 3.5. Tengeneza mpya kila siku, ifunike mbali na jua, na uandike tarehe na saa.

Usimwage klorini juu ya mkojo uliojaa chomboni. Hutoa mvuke unaochoma macho na kifua, na slusi nyingi hazina dirisha la maana. Bedipani ya chuma isilale kwenye klorini usiku kucha, itashika kutu. Zianikwe zikiwa zimeinama, zisipandanishwe mbichi.

Mombasa haina chanzo chake cha maji ya bomba. Yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na bomba likikauka wodi huishi kwa mitungi ya lita 20. Wodi yenye busara hutenga mitungi yenye alama: maji ya kunawa na kuwasafisha wagonjwa hayaguswi kwa kazi nyingine, na ya kisima cha chumvi yanakwenda kusuuzia vyombo na kumwagia vyoo. Maji ya beseni la mgonjwa mmoja hayahamii kwa mwingine hata yakionekana safi.

Nikivaa glavu bado ninawe mikono?

Ndiyo, kabla na baada. Glavu zina matundu usiyoyaona, na mikono hulowa wakati wa kuzivua. Baada ya huduma ya haja tumia maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono cha alkoholi hakitoshi penye uchafu unaoonekana, wala hakiui mbegu za vijidudu fulani vya kuhara. Kosa la kila siku ni glavu moja iliyosafisha makalio kuvuta pazia, kupandisha kingo, kushika kalamu na kurekebisha dripu. Ndiyo maana tumesema jozi mbili. Glavu na nepi zilizotumika ziende pipa la manjano. Karatasi na vifungashio vikavu, jeusi.

Mgonjwa anayehara sana, kuna tofauti?

Ipo. Choo kama maji ya mchele, kisicho na harufu ya kawaida, kinachotoka kwa wingi, toa taarifa mara moja na usimpeleke msala wa wote: kipindupindu si kigeni pwani. Kitanda chake huwa na tundu na ndoo chini, na kinachotoka hupimwa kila saa ili kirudishwe kwa dripu na maji ya chumvichumvi. Ndoo huwekewa klorini kama kitengo kilivyoagiza, na haimwagwi popote ila palipotengwa.

Mama aliyejifungua je?

Akojoe ndani ya saa 6. Kibofu kilichojaa huzuia kizazi kujikaza, na damu ikaendelea kutoka. Mara ya kwanza asiende msalani peke yake hata akisema ana nguvu. Kwenye mshono mwagia maji ya uvuguvugu wakati akikojoa, haitamchoma sana, kisha kausha kutoka mbele kwenda nyuma. Hesabu pedi: iliyoloa yote ndani ya saa moja au chini yake ni ya kumwita mkunga sasa hivi.

Jamaa wanataka kusaidia. Niwaruhusu?

Kwa kusafisha na kubadilisha nepi, ndiyo, baada ya kuwaonesha mara moja na kuwaona wakifanya. Kumwaga mfuko wa mkojo wakuite. Na wakija na chetezo wafukize udi kuondoa harufu, wazuie bila kuwavunjia heshima: penye oksijeni, kaa moja linatosha kuiwasha wodi. Waambie udi uko nyumbani ukimngoja. Harufu huondolewa kwa kufunika chombo, kukitoa upesi na kufungua dirisha.

Kinyaa kinanishika. Ni kawaida?

Ni kawaida na hupungua. Pumua kwa mdomo, paka mafuta kidogo yenye harufu chini ya pua kabla ya kuingia, na kama unahisi kutapika sema "nafuata maji" utoke. Usoni kusionekane kitu, mgonjwa anakutazama wewe kujua hali yake.

Niandike nini nikimaliza?

Saa, njia, kiasi, sura, ngozi, na uliyemwambia. Kwa mfano: "Saa 1:20 asubuhi. Bedipani, kwa msaada wa wawili. Choo aina ya 6, cheusi, hajapewa vidonge vya kuongeza damu. Mkojo ml 180. Ngozi ya mfupa wa mkia imekoza na ni ya moto, sm 3 kwa 2, haijachubuka. Amegeuzwa ubavu wa kushoto. Sista wa zamu ameelezwa saa 1:30." Ukiandika "amepata choo, hali nzuri", anayepokea zamu hatajua pa kutazama.